Mkono wa Koti la Préfet

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, cherehani ya Kasonde ilikuwa bado imefunikwa plastiki yake, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake amevaa tai. Mambo hayo mawili yalitosha kulinyamazisha benchi la Mama Chileshe. Hapa mtaani Hewa Bora, Lubumbashi, watu walimwona Kasonde na tai kwenye harusi za wenzake na kwenye misiba ya kwao, basi. Harusi haifungwi Jumatatu. Kwa hiyo Lombe alivua kofia yake ya pikipiki, akauliza kwa adabu ni nani aliyefariki.

"Hakuna mufu," Kasonde akasema. "Balimutia Benita mu couture."

Ushonaji. Binti yake mkubwa alikuwa amepangiwa masomo ya ushonaji. Benchi lilimtazama Kasonde, likaitazama cherehani yake, likamtazama tena Kasonde.

"Ngoja nisikie muzuri," Lombe akasema. "Balitia mutoto ya couturier mu couture, na couturier njo analia."

"Silie. Nimekasirika."

"Umekasirika ju balimupa kazi yako."

"Kazi yangu iko ya muda."

"Muda gani, Bio? Benita alizaliwa, akakukuta pa ile kiti."

Inafaa kueleza jina hilo. Mama Chileshe aliuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi kinachochacha taratibu kwenye ndoo, chini ya mabati yaleyale yaliyoifunika cherehani ya Kasonde. Wateja wake wa kila siku hawakuitwa majina waliyopewa na baba zao. Waliitwa kwa section, yaani mkondo wa masomo ambao kila mmoja alitiwa alipokuwa kijana asiyejua hata kunyoa ndevu. Lombe, aliyebeba abiria kwa pikipiki, alikuwa Latin-Philo. Mama Chileshe alikuwa Péda, kwa sababu alisomea ualimu na akafundisha mpaka alipoona kwamba ndoo inalisha nyumba kuliko chaki. Edmond, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo, hakuvuka darasa la sita, basi wakamwita Bila-Section, na malori yake matatu hayakumfutia jina hilo.

Kasonde alikuwa Bio-Chimie. Alipata diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari, akakosa njia ya chuo kikuu, akarithi cherehani ya mjomba wake, akaanza kushona kwa muda. Muda huo ulikuwa haujaisha. Ukimwita fundi aligeuka. Ukimwuliza kazi yake alijibu kuwa yeye ni mtu wa bio-chimie, hizi suruali anazishona kwa muda tu.

Redio ya Mama Chileshe, iliyoning'inia kwenye msumari, ilikuwa imeshatoa habari yenyewe: watoto wote waliopangiwa section baada ya mtihani wa taifa wa darasa la nane waandikishwe kabla ya saa sita mchana leo. Asiyeandikishwa, nafasi yake inapewa mwingine. Hapo ndipo tai ilipotoka.

Mama Chileshe alitaka kujua baraza la shule lilifikaje kwenye couture. Kasonde akaeleza, na alieleza kwa utaratibu, maana alikuwa amekariri tangu Ijumaa. Alama za hesabu za Benita zilipita za darasa lake lote. Préfet Kalaba, mkuu wa shule, alizisoma mwenyewe kwa sauti na kutikisa kichwa kwa furaha. Kisha akamwuliza mtoto swali moja ambalo halikuwa kwenye mtihani: papa anatumika kazi gani? Mtoto akajibu ukweli. Préfet akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akaandika couture.

"Hii methali iko ya kweli," Edmond akasema. "Hata kwetu ku Butembo banaisema."

"Na mutoto ya kuku?" Lombe akauliza.

"Iko kuku."

"Hapana, vieux Edmond. Mutoto ya kuku banamutia mu section ya sahani."

Kasonde alicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Lakini benchi lilikuwa limeshaonja utamu, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na mtoto wa Hewa Bora ambaye hakupangiwa section yake. Wa mchungaji walimpeleka section ya sadaka. Wa polisi wa barabarani, section ya filimbi na mifuko mipana. Wa mheshimiwa mbunge alipewa section ya kusinzia, na Edmond akasisitiza awe wa bweni, ili asipoteze usingizi njiani. Watoto wa Lombe mwenyewe walikubaliwa kwa kauli moja katika section ya mashimo ya barabara, mwaka wa mwisho, bila mtihani. Mama Chileshe alicheka mpaka akamwaga kikombe, ndipo akaligonga benchi kwa upawa.

"Basi. Muongee kitu kimoja. Mutoto mwenyewe anataka nini?"

Benchi likagundua kwamba halikuwa limeuliza.

Benita alitaka kuwa mpima ardhi, géomètre. Jambo hili lilianza mtaa wa Ruashi, kwa shangazi yake Mwansa, ambaye ukuta wa jirani yake ulikuwa ukihamia uani kwake kidogo kidogo kama mgeni asiyeaga. Vijana wa kupima waliitwa, wakasimamisha chombo chao cha miguu mitatu, na Benita akaomba kuchungulia. Alichungulia mara moja, akasema ukuta umeingia kwa kiasi fulani. Vijana walipima, wakakuta kiasi hichohicho. Tangu siku hiyo alikuwa akipima kila kitu nyumbani, pamoja na mdogo wake Fils, asubuhi na jioni, kuona kama kweli mtu hurefuka akilala. Kwa upimaji ilihitajika section ya sayansi. Katika section ya sayansi kilikuwa kimebaki kiti kimoja, cha mtoto ambaye wazazi wake walihamia Kolwezi. Saa sita ikipita, kiti kinakwenda.

"Na kushona, anaweza?" Mama Chileshe akauliza.

Kasonde akajikuna shingo chini ya tai. Benita aliwahi kumshonea Fils mfuko wa kaptula ya shule. Mfuko ulikaa sawasawa kabisa katikati ya paja, vipimo vyake havikuwa na kasoro, na ulikuwa umeshonwa pande zote nne. Fils alikwenda nao shule muhula mzima, akiupapasa kwa nje.

Edmond aliona hoja yote haina uzito. Aliweka kikombe chini, akakumbusha kwamba yeye hakupangiwa section yoyote na mtu yeyote, na malori yake yanapanda mlima vilevile. Kwa maoni yake, mtoto apewe hata section ya kufuga nyuki. Akili ya kuishi haikai kwenye dawati.

Lombe alikuwa na tabia moja isiyopendeza kwenye vijiwe: alipenda hesabu itimie.

"Vieux, darasa la sita ulitoka na benzako bangapi?"

"Bengi. Mwaka ule kahawa ilianguka bei. Tulitoka bengi sana."

"Na kati ya bale, mwenye lori ni nani?"

Edmond aliangalia barabara, kama mtu anayetafuta mwenzake mmoja apite. Hakuna aliyepita.

"Miye peke," akasema.

"Njo vile. Tunamuangalia mwenye kuvuka mutoni, tunasema maji haiko mingi." Lombe akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Miye munaniita Latin-Philo. Munajua nani alinichagulia Latin? Classe ya sciences ilikuwa imejala. Latin ilikuwa na kiti. Nilisoma kiti."

Mama Chileshe naye akasema kwamba alipelekwa ualimu kwa sababu alikuwa msichana na ana sauti kubwa. Hawakumwuliza kitu kingine. Kwa muda mfupi benchi likawa na watu wazima watatu waliokuwa wakitazama vikombe vyao, na Kasonde akaona kwamba kama hataondoka sasa hivi, kesho kutwa Benita naye atakuwa na jina lake kwenye benchi fulani.

"Basi unangoja nini?" Mama Chileshe akasema. "Tai uko nayo. Enda ku préfet."

"Nilienda vendredi, ile Ijumaa."

"Alisema je?"

"Alisema, kuya kesho."

"Kesho yake ilikuwa samedi."

"Nilienda samedi. Bureau ilikuwa na kufuli."

Walimlaani Préfet Kalaba kwa pamoja na kwa raha. Lombe akasema wakubwa wote wako hivyo, wanaona mtu mdogo anahangaika wao wanampa kesho kama pipi. Edmond akasema mtu anayemwambia baba wa mtoto aje kesho, naye anajua kesho hayupo, hana imani. Kasonde aliitikia kila sentensi. Mama Chileshe peke yake hakulaani. Alikuwa akitazama juu ya cherehani, kwenye ndoano, ambako koti la kitambaa cha buluu lilining'inia bila mikono.

"Papa Benita. Ile koti ni ya nani?"

Kasonde alirekebisha tai ambayo haikuwa imepinda.

"Ya client."

"Client gani?"

"Client tu. Muntu anasomesha."

"Anasomesha, ao anaongoza?"

"Sasa ile koti inaingia namna gani mu maneno ya mutoto?"

"Kasonde."

"Iko ya ba préfet," akasema Kasonde.

Lombe aliinuka kwenye benchi, akatembea mpaka kwenye pikipiki yake, akaikumbatia. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Edmond aliuliza koti lina muda gani hapo, na Mama Chileshe akajibu kwa niaba ya mwenye koti: lilipimwa kabla ya Pasaka. Tangu wakati huo Préfet Kalaba alikuwa akipita kila wiki na kuuliza, na kila wiki fundi alimjibu neno moja. Kesho ya fundi cherehani haimo katika kalenda yoyote, kila mteja wa Lubumbashi anajua hivyo, na anarudi hivyohivyo. Kasonde alikuwa amelitamka neno hilo mara nyingi kiasi kwamba hakulitambua aliporudishiwa. Sasa alilitambua. Ilikuwa kesho yake mwenyewe, haijaongezwa wala haijapunguzwa.

"Ba préfet alikulipa na pesa yako," Lombe akasema kutoka kwenye pikipiki, alipopata pumzi.

Mama Chileshe hakuwa na wakati wa kucheka mara ya pili. Alifunika ndoo, akatangaza kwamba munkoyo umefungwa mpaka koti liishe lipelekwe kwa préfet, na kwamba mwenye kiu anywe mvua. Tai ya Kasonde ilivuliwa, plastiki ikatolewa kwenye cherehani. Lombe alipewa pasi ya makaa. Aliipepea kwa kofia yake akinung'unika kwa Kilatini, lugha ambayo, kwa kumbukumbu za benchi, ilikuwa haijawahi kumfaa kitu, na sasa ikamfaa kutukania cheche. Edmond alipewa vifungo. Alivishona kwa uzi mara nne kama mtu anayefunga mzigo wa maharagwe usianguke barabara ya mpakani Kasumbalesa, na alipomaliza, koti lingeweza kuchanika pande zote vifungo vikabaki.

Kasonde alitia mkono wa kuume. Alipokuwa akikanyaga cherehani uso wake ulibadilika, kama unavyobadilika kila alipofanya kazi hii ya muda. Midomo ilikaza, macho yakatulia, kitambaa kikateleza chini ya sindano bila kukunjamana hata mara moja. Lakini bitana ilikuwa bado, na kola, na jua lilikuwa limeshavuka paa la karakana ya jirani ya kuchomelea vyuma, saa zinakwenda. Mtu mmoja asingemaliza.

"Mumuite Benita ashone mukono wa kushoto," Mama Chileshe akasema.

"Mama, ulisikia maneno ya mufuko."

"Nilisikia. Shule inasema iko na kipaji. Tumupime shiye wenyewe, mbele ya kuenda kubishana."

Benita alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa mrefu, mnyamavu, na alilisalimu benchi zima kwa majina ya heshima, mmoja mmoja, akianza na Mama Chileshe. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipima tundu la bega, akapima mzingo wa mkono, akamwarifu baba yake kwamba tundu lake ni kubwa kuliko mkono kwa nusu sentimita. Kasonde alipima, akakuta ni kweli, akarekebisha. Kisha Benita akashona kwa mkono, akiwa ametoa ncha ya ulimi, hatua za sindano zake zikilingana kama meno ya kitana. Edmond alisimama nyuma yake akasema kwamba kama hiki si kipaji, basi yeye hajui bidhaa. Kasonde alijisikia vibaya. Huenda Préfet alikuwa na haki.

Koti likatundikwa. Wote watano wakarudi nyuma kulitazama.

Mkono wa kuume ulishuka chini kama mkono wa koti. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa vizuri, kwa vipimo sahihi, nusu mzunguko kutoka mahali pake. Kiwiko kilitazama mbele. Sehemu ya chini ilikuwa imepinda kuelekea nyuma.

"Mzingo uko sawa," Benita akasema.

Hakuna aliyebisha. Mzingo ulikuwa sawa.

Kufumua na kushona upya kungepitisha saa sita. Wakapanda pikipiki hivyohivyo: Lombe mbele, Benita katikati, Kasonde nyuma, amelishika koti juu kwenye kitundikio kama bendera ya nchi ambayo haijakubaliana mipaka. Njiani Kasonde alitunga maelezo matatu, na yote yalianza na neno kesho.

Kwenye ofisi ya Préfet Kalaba kulikuwa na wazazi wengi, wengine wamekaa, wengine wameegemea ukuta. Préfet aliliona koti kabla ya kumwona Kasonde, akainuka. Alikuwa mtu mwenye furaha ya kweli wakati huo. Aliwaambia wazazi kwamba subira huvuta heri, akageuka, akanyoosha mikono nyuma, akavikwa.

Mkono wa kuume uliingia. Wa kushoto ulikataa, kisha ukakubali kwa masharti yake. Kitambaa kiliuvuta mkono wa Préfet nyuma ya mgongo, kikaukunja, kikauacha hapo kiganja kikiwa wazi, kama wa mtu anayepokea kitu bila kutaka kuonekana. Mzazi mmoja ukutani alikohoa. Wa pili akakohoa. Halafu chumba kizima kikashikwa na kikohozi kilekile.

"Nani alishona hii?" Préfet akauliza, uso kwa wazazi na kiganja kwa ubao.

Maelezo yote matatu ya Kasonde yalimtoka kichwani. Ukweli peke yake ukabaki.

"Mutoto ile mulisema iko na kipaji ya couture, ba Préfet."

Préfet Kalaba alimwita mwalimu wa section hiyo. Madame Falonne alikuja na pini mdomoni, akazitoa, akalizunguka koti mara moja likiwa bado limemshika mwenyewe. Hakucheka. Aliugusa mshono wa kushoto kwa kidole, akamtazama Benita.

"Ba Préfet, mu section yangu, huyu hapana. Munaniletea batoto ju kuko viti. Couture haiko fasi ya kutupa batoto. Inaomba jicho na mukono. Huyu iko na hesabu. Mumupeleke kule banatafuta hesabu." Kisha akahamia bega la pili, akainama karibu. "Na huu wa kuume? Huu njo mukono. Nani?"

"Miye," Kasonde akasema.

"Ulisomea wapi?"

Benita alimtazama baba yake. Lombe, mlangoni, aliinamisha kichwa, maana alilijua jibu na alishalisikia vya kutosha.

"Kwa mujomba yangu," Kasonde akasema. "Miye ni couturier, madame."

Kwa mara ya kwanza, hapakufuata neno lolote juu ya muda.

Kengele ya saa sita ilikuwa bado haijagongwa. Préfet Kalaba, akitumia mkono wa kuume, alikata neno couture mbele ya jina la Benita, akaandika scientifique, akapiga muhuri. Akamwomba Madame Falonne amtoe kwenye koti. Iliwachukua watu wawili. Alipokuwa huru alilikunja mwenyewe, akampa Kasonde, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka ni lini.

Kasonde alilipokea kwa mikono miwili.

"Kesho, ba Préfet."